Raba ya Mgodi

Wewe unayenisikiliza, huenda hujawahi kuinama chini ya bajaji, na sikulaumu. Wengi wanaoziendesha hawajawahi pia. Basi nianze na kitu chenyewe, taratibu, maana ukishakielewa utaona mwenyewe upumbavu ulipoanzia.

Injini ya bajaji iko nyuma, chini ya abiria. Nguvu yake inatoka kwenye gia boksi na kwenda kwenye matairi ya nyuma kwa shafti fupi, moja kila upande. Tairi hupanda na kushuka kila linapokutana na shimo, lakini gia boksi imefungwa mahali pake. Vitu viwili vinavyozunguka pamoja, kimoja kimetulia na kingine kinaruka, ukiviunganisha chuma kwa chuma vitavunjana. Ndiyo maana kwenye bajaji za aina ninayoisimulia, kati ya gia boksi na shafti, waliweka raba. Ni duara nene, upana wake kama kiganja, yenye matundu ya bolti pembeni na tundu kubwa katikati. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia kidogo, halafu inarudi. Kazi yake yote ni hiyo, kuingia na kurudi. Dereva akiachia klachi kwa pupa, raba inajikunja na kuupokea mshtuko. Tairi likidumbukia, raba inapinda. Inachakaa ili chuma kisichakae. Ikiisha unaitupa, unaweka nyingine, unaendelea na maisha yako.

Nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la spea hapa Nyasubi, Kahama, na maelezo haya nilimpa kila aliyetaka kuyasikia. Niliyatoa kwa upole, raba mkononi, nikiikunja mbele ya macho ya mteja ili aone inavyopinda na kurudi. Wateja waliitikia kwa kichwa. Walisema nimewafungua macho. Kisha wakanunua taa za rangi.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndiye aliyewashinda wote kwa taa za rangi. Bajaji yake ilikuwa nazo mbele, nyuma, chini ya kiti na kwenye kioo. Juu ya paa alikuwa amepigilia spoila, lile bawa la magari ya mashindano, aliyokatiwa kwa bati, imesimama kama mkia wa kuku aliyekasirika. Bomba la moshi alilitoboa makusudi ili lingurume. Kwenye kioo cha mbele alibandika neno SPOTI kwa herufi kubwa kiasi kwamba barabara aliitazama kupitia tundu la herufi O. Hakuiita bajaji. Aliiita gari, “gari yangu ya spoti”, na aliyasema hayo bila kucheka, kuhusu kitu chenye magurudumu matatu ambacho kikipanda kilima cha kawaida abiria wanashuka kusukuma.

Ningemwacha na mchezo wake, watu wazima wana haki ya kuchezea vyao. Shida ni kwamba riziki ya mdogo wangu ilipanda ndani ya mchezo huo kila asubuhi. Mdogo wangu alikuwa anauza maziwa. Kukipambazuka tu wanatoka na mumewe kwenda kwa wafugaji nje ya mji, anapimiwa maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hiyo, anajaza ndoo zake za mifuniko na kurudi mjini kwenye mgahawa mmoja karibu na soko. Mwenye mgahawa, mama mmoja asiyependa maneno, aliyachukua yote. Watu walimwita mdogo wangu Mama Maziwa, na jina hilo lilimtosha. Nyumbani hakuwa na friji. Maziwa yake yalikuwa na muda wa kufika, na muda huo uliwekwa na jua. Akichelewa, wanywaji wa chai wameshakunywa ya rangi na kuondoka, na ndoo zinaanza kunuka. Mgahawa ule ulikuwa mteja wake mmoja na wa pekee wa kuaminika. Akiupoteza, hana biashara.

Bajaji ikaanza kugonga. Ilikuwa inasema ko, ko, ko, kila ikiondoka na kila ikikata kona. Kwa mtu aliyewahi kunisikiliza, sauti hiyo haina siri: raba imepasuka, bolti zinacheza ndani ya matundu yaliyopanuka. Shemeji aliipeleka kijiweni kwa madereva wenzake, mahali ambapo hakuna swali lililowahi kukosa jibu wala jibu lililowahi kuwa sahihi. Walimwambia aimwagie oili chafu, ile nyeusi iliyotolewa kwenye injini. Akaimwagia. Sauti ikakoma. Akaja moja kwa moja dukani kwangu, akaiacha inanguruma mlangoni.

“Shemeji, njoo usikilize. Inalia?”

“Hailii.”

“Sasa je!”

“Umeinyamazisha, hujaitibu,” nikamwambia. Nikatoka nje nikachuchumaa naye, nikamwonyesha raba inavyong'aa kwa uchafu. “Ona, imeanza kuvimba. Oili inaingia ndani ya raba, inailainisha, inakuwa kama mkate uliodumbukia kwenye chai. Itakatika njiani.”

“Shemeji, wewe ni mtu wa kaunta. Mimi mtu wa barabara. Chuma kinapenda oili.”

“Raba si chuma.”

“Lakini inakaa na chuma,” akasema, akinihurumia. “Imeshazoea.”

Nimewahi kusikia sababu nyingi za kijinga, mtu akiwa dukani husikia, lakini hiyo bado inakaa peke yake juu ya kabati, kama kombe. Imeshazoea! Kama vile raba ni mpangaji aliyejifunza tabia za mwenye nyumba.

Haikufika mbali. Raba ya kushoto ilikatika asubuhi moja wakitoka kwa wafugaji, wakasukuma mpaka wakapata msaada, na maziwa yakafika chai imeshapungua kwenye birika. Mwenye mgahawa aliyapokea. Lakini alimwambia mdogo wangu mbele ya wahudumu wake: “Leo nimekustahi, Mama Maziwa. Siku nyingine nachukua ya yule wa pikipiki. Anapita hapa kila siku akiniomba.”

Mchana huo mdogo wangu akaja dukani, ndoo tupu mkononi.

“Kaka, nipe hiyo raba. Usinielezee, nipe tu.”

Nilimwelezea. Siwezi kumpa mtu kitu asichokijua. Alisimama akabonyeza raba mpya kwa kidole gumba, akaiona inaingia na kurudi, akasema, “Kumbe ni kama kisigino cha ndala. Kikiwa kigumu kama jiwe, mgongo ndio unaumia.” Hakuhitaji zaidi ya hapo. Mumewe alikuwa na mwaka mzima wa maelezo yangu na hakuwahi kukaribia sentensi hiyo. Nikampa ya kushoto na ya kulia, maana zikitumika pamoja zinachoka pamoja, na ukibadilisha moja tu ile nzee inamchosha mwenzake.

“Mwambie fundi asizipake kitu chochote,” nikamwambia. “Wala grisi.”

“Twende wewe ukamwambie,” akasema. “Mimi wataniita mke wa mtu.”

Basi nikaenda. Yule fundi ana banda lake kwenye barabara ya kuelekea Buzwagi, na unapaswa kumfahamu, kwa sababu kila mji wa machimbo unaye mmoja wa namna yake. Sifa yake ilikuwa raba ya mgodi. Katika ukanda wetu huu wa dhahabu, ile mikanda mipana ya kubebea mawe ikichakaa huuzwa kama skrepa, na ni vitu vizito kweli: raba nene iliyoshonewa turubai ndani, tabaka juu ya tabaka, iliyotengenezwa kubeba mawe siku nzima bila kuvutika. Watu wanaitumia kwa vizingiti, vihori vya kunyweshea mbuzi, soli za makubazi. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni na huyu bwana aliyeamua kuikata miduara na kuifunga kwenye bajaji za watu. Na watu walimpenda kwa hilo! Huku kwetu kitu kikishatoka mgodini kinasujudiwa. Buti la mgodini, spana ya mgodini, kofia ya mgodini iliyopasuka katikati, vyote ni bora kuliko cha dukani. Mtu atakataa dawa ya hospitali akanywa maji aliyoambiwa yametoka mgodini.

Nilimkuta shemeji ameshafika, na madereva wa kijiweni wamezunguka.

“Shikamoo, mzee wa kaunta,” fundi akanisalimia, na wenzake wakacheka.

“Marahaba. Raba zenyewe hizi hapa. Zifungwe kavu, bolti zikazwe kwa zamu.”

Fundi akachukua moja, akaiweka juu ya chuma, akaipiga nyundo. Raba ikabonyea, nyundo ikaruka.

“Mmeona?” akawauliza watu. “Andazi!”

“Andazi la jana,” mmoja akaongezea.

Hapo ndipo nilipoujua mtihani wao. Raba mpya hupigwa nyundo mbele ya kijiwe kizima, na ile inayokataa nyundo ndiyo inayopita. Fundi akatoa kipande cha mkanda wa mgodini, akakipiga kwa nguvu zote. Hakikubonyea, nyundo ilitoa mlio kama imepiga ukuta. “Imegomaaa!” wakapiga kelele wote, wanaume wenye ndevu na wenye watoto wa kusomesha, wakigongeana mikono kama wamefunga goli. Mmoja akaja akaikanyaga kwa kisigino, akarudi nyuma akitikisa kichwa kwa heshima.

“Ndugu zangu,” nikasema, na nilisema kwa upole, kama ninavyosema sasa. “Raba hii imewekwa hapo ili ibonyee. Isipobonyea, kitabonyea kitu kingine. Mshtuko haupotei. Ukikataliwa na raba, unakwenda mbele, na mbele yake kuna gia boksi.”

“Gia boksi ni chuma, mzee.”

“Na raba hii inabonyeza chuma.”

“Basi ni kiboko,” fundi akasema, na kicheko kikawa kikubwa kuliko cha mwanzo.

Nikamgeukia shemeji. “Mkeo ameonywa mgahawani. Unalijua hilo.”

“Ndiyo maana nataka kitu kisichokufa,” akajibu. “Raba ya mgodi haifi, shemeji. Hutaiona ikifa.”

Chombo kilikuwa chake. Nilisimama nikatazama kazi ikifanyika, na kama kuna mtu anayefikiri kwamba fundi angalau alikuwa na ustadi wa mkono, nimsahihishe. Miduara aliikata kwa panga, ikatoka kama chapati za mtu anayejifunza. Matundu aliyatoboa kwa nondo iliyotiwa moto, kwa kukadiria, moshi mweusi ukitujaa puani, na kwa kuwa hayakulingana na bolti aliyapanua kwa kuizungushazungusha nondo ndani. Bolti zilipogoma kuingia, alizipiga nyundo. Nati aliikaza moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine, hivyo raba ikakaa upande. Alipomaliza alijifuta mikono na kutazama kazi yake kwa mapenzi. Raba zangu mbili alibaki nazo, akisema hazina kazi, na baadaye nikasikia alimfungia dereva mmoja wa Buseresere aliyekuwa akipita, akazisifu kuwa ni orijino. Kwa hiyo alijua. Hilo ndilo ninalomdharau zaidi.

Kesho yake nilipanda nao, kwa kuwa nilikuwa na mtu wa kumpa pole kijijini kwa wale wafugaji. Nilikaa nyuma na mdogo wangu, ndoo tupu kati ya miguu yetu. Bajaji ilitetemeka kama mashine ya kusaga. Meno yaligongana. Taa za rangi chini ya kiti zilizimika zenyewe, moja baada ya nyingine, nadhani kwa aibu.

“Inatetemeka,” mdogo wangu akasema.

“Hiyo ni nguvu!” mumewe akajibu kwa sauti kutoka mbele. “Zamani nguvu ilikuwa inaishia kwenye raba. Sasa inafika yote kwenye tairi.”

Mdogo wangu akanitazama. Nikashughulika na kuzishika ndoo, maana ningeanza kueleza nisingeacha.

Tulifika. Yule mama mfugaji aliyekuwa akimpimia akatusalimia, “Mwangaluka,” akajaza ndoo mpaka shingoni, akamwambia mdogo wangu ng'ombe wametoa vizuri siku hiyo. Nikatoa pole zangu haraka, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameshaanza kulitazama jua. Tukarudi na mzigo kamili.

Njiani kuna mahali maji ya mvua yamekata barabara na kuacha mfereji. Dereva mwenye akili hupunguza mwendo, anaingiza tairi moja moja. Shemeji aliuingia kama alivyoandika kwenye kioo. Matairi ya nyuma yakadumbukia, akaongeza moto ili atoke, na hapo tukasikia mlio, si wa kugonga wala wa kukwaruza, mlio mmoja mfupi wa kitu kilichokatika kabisa. Injini ikanguruma kwa furaha na bajaji ikasimama.

Tukashuka. Nikainama. Upande wa kushoto, kile kichwa cha chuma kinachotoka kwenye gia boksi kushikana na raba kilikuwa kimeng'oka, na kimeondoka na kipande cha ganda la gia boksi lenyewe. Oili ilikuwa inamwagika kwenye vumbi. Na kwenye kile kichwa kilichong'oka, imefungwa imara kwa bolti zake zote, ilining'inia raba ya mgodi. Haikuwa na ufa hata mmoja.

Shemeji aliinama akaiona. Nilimtazama usoni, nikingojea. Niliamini kwamba hata yeye, sasa, akiwa na kitu chenyewe mbele ya macho, angeelewa. Akaigonga kwa kidole. Akatabasamu.

“Ona,” akasema. “Raba nzima!”

Waendesha baiskeli wawili waliokuwa wakipeleka mkaa mjini walisimama kutazama. “Duh,” mmoja akasema. “Hiyo raba wameitoa wapi?”

“Ya mgodi,” shemeji akamjibu, na alikuwa anajisifu, naapa, alikuwa anajisifu, amesimama kando ya gia boksi yake iliyopasuka. “Gia boksi ndiyo mbovu. Hizi za siku hizi wanatengeneza laini.”

 Mdogo wangu alifungua mfuniko wa ndoo ya kwanza, akanusa, akafunga. Akawaendea wale wenye baiskeli, akaongea nao kidogo kwa Kisukuma. Walishusha magunia yao ya mkaa, wakayaacha pale chini ya ulinzi wa shemeji, wakafunga ndoo kwenye baiskeli kwa mipira yao. “Wabeja,” akawashukuru, akatangulia kwa miguu, nami nikamfuata. Tulitembea nyuma ya baiskeli hizo jua likipanda migongoni mwetu, na kila nilipotaka kusema neno la faraja nilikumbuka kwamba alishaniambia nisimwelezee.

Tulipofika mgahawani, pikipiki ya yule muuza maziwa mwingine ilikuwa imeegeshwa mlangoni. Mwenye mgahawa alifungua ndoo moja, akachovya kidole, akaonja.

“Yameanza,” akasema.

“Najua,” mdogo wangu akajibu.

“Pole, Mama Maziwa. Mimi nina watu wa kuwapa chai.”

Hakukuwa na ugomvi. Mdogo wangu alibeba ndoo zake nyumbani, akayaacha maziwa yagande, akauza mtindi sokoni kwa vikombe siku zilizofuata, kwa watu wasiojua kama watanunua tena. Mgahawa haukumrudia mpaka leo. Wateja wake wa sasa ni kinamama wa uji, mmoja mmoja, waliopatikana kwa kubisha hodi mlango kwa mlango, na ilimchukua muda mrefu mpaka maziwa ya ndoo zake yakaanza kwisha tena.

Shemeji alitafuta gia boksi iliyotumika, na ili kuipata aliuza spoila, taa za rangi na redio yake. Lakini usidhani kwamba alijifunza. Ukimuuliza leo kilichotokea atakwambia gia boksi ilikuwa mbovu. Na yule fundi? Alikuja mwenyewe kuiomba ile raba, shemeji akampa kwa heshima zote. Ameitundika mlangoni kwa waya, na chini yake ameandika kwa rangi nyeupe: RABA ILIYOSHINDA GIA BOKSI. Nikipita pale huwa kuna foleni. Nimeacha kusimama kuwaeleza. Mtu anayesoma maneno hayo na bado akapanga foleni, mwache afike mbele.

Aliyebadilika ni mmoja. Siku bajaji iliporudi ikiwa na raba za dukani, nilizozifunga mwenyewe huku mdogo wangu akitazama, alimwambia mumewe hatapakia tone la maziwa kabla yeye mwenyewe hajaingia chini kutazama. Mumewe akasema watu watamcheka. “Wacha wacheke,” mdogo wangu akamjibu, “kwani wao wananunua maziwa?” Sasa kila asubuhi anatandika kipande cha kiroba nyuma ya bajaji, analala chali na kitenge chake, huku mwenye chombo amesimama pembeni akijifanya anaongea na simu. Mara moja alikuta ufa mdogo kama unywele kwenye raba ya kulia, akakataa kuondoka, akaazima baiskeli. Siku ile maziwa yalifika mapema.

Alichofunzwa yeye nakupa na wewe. Kabla ya kupakia, zima injini, tia jiwe mbele ya tairi la mbele, ulale chini nyuma ya bajaji yako. Futa raba zote mbili kwa kitambaa kikavu. Ukikuta oili, osha kwa maji ya sabuni, na utafute inakovujia. Kisha bonyeza kila raba kwa kidole gumba, kuizunguka yote, hasa karibu na matundu ya bolti. Kidole kikiingia na raba ikarudi, kaza bolti kwa zamu, uondoke. Kidole kikigoma, kikizama na raba isirudi, au kikikuta ufa, usipakie: fungua raba zote mbili, tupa, weka mpya za dukani, na uzifunge kavu.